Heinrich wa 62, wa 67, wa 14, wa 27: kuusoma ukoo wa Reuss bila kupotea

*"Nasomea uuguzi mjini Gera, Ujerumani. Kwetu ni Rungwe, na tumekuwa Wamoravian tangu enzi za babu wa babu zangu. Katika nyumba ya wazee ninakofanya mafunzo yupo bibi mmoja, mwenyeji wa Greiz, anayependa kunisimulia habari za watawala wa zamani wa huku, ukoo wa Reuss. Nikaanza kuchora nasaba yao, nikakwama. Watawala wa Gera wanafuatana hivi: Heinrich wa 62, wa 67, wa 14, wa 27. Namba zinapanda kisha zinashuka! Kulikuwa na wafalme 67? Na yule Heinrich wa 13 aliyekamatwa mwaka 2022, ndiye mrithi wa kiti? Bibi anasema pia kwamba binti wa ukoo huu ndiye aliyeleta Umoravian kwetu. La mwisho linanitia wasiwasi: mwenzangu mmoja ameambiwa akilipa fedha ataasiliwa na mtu mwenye jina la kifalme, aitwe Prinz, na kwamba jina hilo litamsaidia kupata karatasi za ukaazi. Nimwambie nini?"*

Ndugu yangu, la mwenzako kwanza: mwambie asitoe hata senti moja, wala asisaini chochote, mpaka umalize kusoma jibu hili. Nitalifikia. Hayo mengine yanashikana kuliko unavyodhani, na kukwama kwako si uzembe. Ukoo wa Reuss umewachanganya hata makarani waliolipwa kutunza vitabu vyake.

Kosa linaanzia pale tunapoiona namba tukadhani ni ya kiti. Tumezoea hivyo: Wilhelm wa 2 wa Ujerumani alitanguliwa na Wilhelm wa 1, na wote wawili walitawala. Kwa Reuss mambo ni tofauti kabisa. Kila mtoto wa kiume anaitwa Heinrich, awe atatawala, atakuwa mwanajeshi, au atafariki akiwa bado ananyonya. Namba anayopewa ni ya zamu yake ya kuzaliwa katika daftari la ukoo, binamu wa karibu na wa mbali wakihesabiwa pamoja. Mtawala ni yule tu ambaye urithi umemwangukia, na anaingia kitini na namba aliyozaliwa nayo.

Sasa chukua orodha yako. Heinrich wa 62 alizaliwa mwaka 1785, na wa 67 ni mdogo wake, aliyezaliwa 1789. Kati yao walizaliwa wavulana wengine wa ukoo, ndiyo maana namba zinaruka. Wa 62 alitawala tangu 1818 hadi 1854, akarithiwa na huyo mdogo wake hadi 1867. Halafu anakuja Heinrich wa 14, ambaye ni mtoto wa kumzaa wa Heinrich wa 67. Mtoto ana namba ndogo kuliko baba kwa sababu tawi hili la Gera, linaloitwa Tawi Dogo, huanza kuhesabu upya kila karne inapogeuka. Yeye alizaliwa 1832, kwa hiyo ni mvulana wa 14 wa karne ya 19. Mwanawe, wa 27, alizaliwa 1858. Mjukuu, wa 45, alizaliwa 1895. Ukiziweka namba hizo kando ya miaka ya kuzaliwa, fujo yote inajipanga yenyewe.

Tawi Kubwa, lililokaa Greiz kwa kina bibi yako, lilikuwa na utaratibu wake: linahesabu mpaka 100, ndipo linarudi kwenye moja. Kwa hiyo pale utakuta namba zinapanda taratibu. Heinrich wa 13 alitawala hadi 1817, wakafuata wanawe wawili, wa 19 na wa 20, kisha wa 22, na wa mwisho wa 24. Namba 23 ilikuwa ya mdogo wake Heinrich wa 22, aliyefariki bado mtoto. Naliona hili kuwa jambo la kugusa moyo katika desturi hii ambayo wengi huicheka: mtoto aliyeishi siku chache naye ana nafasi yake kwenye hesabu, na hakuna anayepewa namba yake baadaye.

Kwa nini wote Heinrich? Mapokeo ya ukoo yanasema ni kwa heshima ya Kaisari Heinrich wa 6, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12. Wahenga wa Reuss walikuwa wasimamizi wa mali na mahakama za kaisari katika Weida, Gera na Plauen, na eneo lile linaitwa Vogtland hadi leo kwa ajili ya kazi yao hiyo. Jina lilishika tangu wakati huo, na karne ya 17 ukoo ukaandika kanuni kwamba lisibadilishwe.

Kwa mchoro wako, basi, usiandike kamwe "Heinrich wa 24" ukaishia hapo. Andika namba, tawi na mwaka wa kuzaliwa. Kuna Heinrich wa 24 wa Ebersdorf, kijitawi cha Tawi Dogo, aliyezaliwa 1724, na kuna Heinrich wa 24 wa Greiz, aliyezaliwa 1878. Wa kwanza nitamtaja tena baadaye, maana damu yake imefika mbali. Wa pili alipata madhara makubwa ya mwili na akili tangu utotoni, hakuweza kutawala, na nchi ikaendeshwa kwa niaba yake na ndugu wa Gera. Alifariki 1927 bila mtoto, na Tawi Kubwa likaishia kwake. Ukiwachanganya hawa wawili, nasaba yako yote inakwenda kombo.

Na wafalme hawakuwa. Katika Ujerumani iliyoungana mwaka 1871, wenye cheo cha mfalme walikuwa wanne tu: wa Prussia, Bavaria, Saxony na Württemberg. Chini yao walikuwapo watawala wa madaraja mbalimbali, na Reuss walikuwa karibu na ngazi ya chini kabisa. Ukoo uligawana ardhi mwaka 1564 ukawa matawi matatu. La kati lilikufa 1616. Greiz walipandishwa daraja 1778, wenzao wa Tawi Dogo wakasubiri hadi 1806. Nchi ya Greiz ilikuwa kilomita za mraba 317 hivi, na ya Gera 827. Ziunganishe zote mbili, bado hazifikii kisiwa cha Unguja. Novemba 1918 utawala wao ukakoma pamoja na wa watawala wengine wote wa Ujerumani, nchi hizo mbili zikaunganishwa mwaka uliofuata, na 1920 zikaingia katika jimbo jipya la Thüringen, hapo ulipo.

Hapo ndipo swali lako kuhusu Heinrich wa 13 wa leo linapojibika. Hakuna kiti, kwa hiyo hakuna mrithi wa kiti. Kilichobaki ni ukuu wa ukoo, jambo la kifamilia tu. Heinrich wa 45, mtoto wa mtawala wa mwisho wa Gera, mtu aliyependa sana tamthilia na aliyeujali ukumbi wa tamthilia mjini humo, alichukuliwa na askari wa Kisovieti mwaka 1945 na hakuonekana tena. Mahakama ilimtangaza kuwa amefariki mwaka 1962. Hakuwa na mtoto, basi ukuu ukahamia kwa binamu zao wa Köstritz, kijitawi kingine cha Tawi Dogo, na leo mkuu ni Heinrich wa 14 aliyezaliwa 1955.

Angalia sasa jinsi namba zinavyokusaidia. Huyu wa 13 alizaliwa 1951. Kaka zake wa tumbo moja wana namba 8, 9 na 10, na mdogo wake ana namba 15. Zile 11, 12 na 14 ni za binamu. Kwa hiyo hata ndani ya nyumba ya baba yake mwenyewe kuna watatu mbele yake, na mkuu wa ukoo yuko nyumba nyingine kabisa. Baba yake aliasiliwa na Heinrich wa 45 mwaka 1935, na kutoka hapo familia hiyo ilidai mali baada ya Ujerumani kuungana tena 1990. Lakini kurithi mali si kurithi ukuu. Alikamatwa Desemba 2022 pamoja na wengine, wakituhumiwa kupanga kuipindua serikali, na kesi ilianza Frankfurt Mei 2024. Ya mahakama tuyaachie mahakama. Ya ukoo ni kwamba mkuu wake alijitenga naye hadharani, na namba 13 haikuwahi kumpa mtu yeyote haki ya kumtawala mwenzake.

Nikupe ushauri ambao vitabu vingi vya nasaba havitoi: ukitaka kujua kwa nini ukoo mdogo namna hii una maana, acha kwanza wanaume wote hao wa jina moja, ufuate mabinti. Wao wana majina tofauti, na ndio waliotoka nje ya hizo kilomita chache za mraba.

Anza na yule wa bibi yako. Ni Erdmuthe Dorothea, aliyezaliwa 1700 katika tawi la Ebersdorf. Mwaka 1722 aliolewa na Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, kijana tajiri mcha Mungu ambaye mwaka huohuo aliwapa wakimbizi wa imani kutoka Moravia mahali pa kujenga kwenye shamba lake. Kijiji hicho ndicho Herrnhut. Makanisani tunamsikia Zinzendorf, mahubiri yake na nyimbo zake. Mkewe hatajwi, na hilo linaniuma, kwa sababu Zinzendorf hakuwa mtu wa hesabu. Aliyeshika daftari, aliyekopa, aliyelipa, aliyejua unga uliobaki ghalani ni Erdmuthe Dorothea. Mwaka 1732 mume alimuuzia shamba lenyewe, kwa kuwa serikali ya Saxony ilikuwa imeanza kumwandama, na kweli miaka minne baadaye walimfukuza. Jumuiya ingeweza kusambaratika hapo. Haikusambaratika, kwa kuwa mali ilikuwa mikononi mwa mwanamke aliyejua kuiendesha. Mwaka huohuo wa 1732 wamisionari wa kwanza waliondoka Herrnhut kwenda kisiwa cha St. Thomas, kuhubiri kwa Waafrika waliokuwa watumwa kule. Yote hayo aliyabeba huku akizaa watoto 12 na kuzika wengi wao.

Kwa hiyo, je, yeye ndiye aliyeleta Umoravian Rungwe? Hapana, na umweleze bibi kwa upole. Erdmuthe Dorothea alifariki 1756, na wamisionari wa Herrnhut walifika Rungwe 1891, miaka 135 baadaye, wakati nchi imekwisha tiwa chini ya Wajerumani. Waliokuja walikuwa watu wengine, wa zama nyingine, na waliolieneza kanisa lile milimani hadi likawa hivi lilivyo ni Wanyakyusa wenyewe na majirani zao. Lakini bibi hakuzua. Bila mikono ya binti yule wa Reuss, kuna uwezekano mkubwa kusingekuwa na Herrnhut ya kutuma mtu yeyote. Mimi ningemweka kwenye mchoro wako kwa wino mzito kuliko mtawala yeyote wa Gera.

Kaka yake Erdmuthe, Heinrich wa 29, ndiye baba wa yule Heinrich wa 24 wa Ebersdorf niliyemtaja juu. Na huyu alizaa binti, Augusta, mwaka 1757. Augusta aliolewa katika nyumba ya Coburg akapata watoto wengi, na kupitia kwao alikuwa nyanya wa Malkia Victoria wa Uingereza, na pia nyanya wa Albert, mume wa Victoria, maana wawili hao walikuwa mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba. Mwanawe mwingine, Leopold, alikuwa mfalme wa kwanza wa Ubelgiji mwaka 1831, na Augusta alifariki mwaka huohuo. Mtoto wa Leopold huyo ni Leopold wa 2, aliyejimilikisha Kongo kuanzia 1885 hadi 1908, na mateso ya watu wa Kongo chini yake yanajulikana. Nayasema haya kwa makusudi. Nyumba moja ndogo ya Ebersdorf ilimtoa mwanamke aliyeishikilia Herrnhut isianguke, na vizazi vinne baada ya kaka yake, mwanamume aliyesababisha maangamizi ya mikono iliyokatwa. Nasaba inaonyesha nani amezaliwa na nani. Haigawi sifa wala lawama. Anayekutajia mababu zake ili umheshimu, au umchukie, anaitumia kwa kazi isiyo yake.

Upande wa Greiz utamkuta Hermine, aliyezaliwa 1887. Baba yake, Heinrich wa 22, hakuipenda Prussia maisha yake yote: mwaka 1866, mama yake akitawala kwa niaba yake, walisimama na Austria na askari wa Prussia wakaingia Greiz. Binti wa mtu huyo, akiwa mjane mwenye watoto watano, aliolewa mwaka 1922 na Wilhelm wa 2, mfalme wa mwisho wa Prussia na kaisari wa mwisho wa Ujerumani, ambaye wakati huo alikuwa uhamishoni Doorn, Uholanzi. Alikaa naye hadi Wilhelm alipofariki 1941. Mwenyewe alifariki 1947 mjini Frankfurt ya mto Oder, chini ya ulinzi wa Wasovieti.

Yupo na mwingine, Viktoria Feodora wa Gera, binti wa Heinrich wa 27. Huyu hakuishi sana. Mwaka 1917 aliolewa na Adolf Friedrich wa Mecklenburg, na Desemba 1918 alifariki muda mfupi baada ya kujifungua binti. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa mama wa Heinrich wa 13 wa leo, na aliishi miaka 100. Lakini kwetu wa Afrika Mashariki anayehusika zaidi ni mume. Adolf Friedrich aliongoza safari ya kitaalamu ya mwaka 1907 na 1908 iliyopita Bukoba, ikafika Nyanza kwa Mwami Yuhi Musinga wa Rwanda, ikaendelea Kivu na Kongo. Picha za vijana wa Rwanda wakiruka juu ya kamba, ambazo bado zinazunguka duniani, zilitokana na safari hiyo. Na si picha tu. Mwanaanthropolojia wa msafara, Jan Czekanowski, alikusanya mafuvu ya binadamu akayapeleka Ulaya. Katika makusanyo ya Berlin yalibaki mafuvu zaidi ya 1,000 kutoka Afrika Mashariki, mengi ya Rwanda, na ni miaka ya karibuni tu ambapo yamechunguzwa ili ijulikane yalitoka wapi na yarudi kwa nani. Hilo nalo ni sehemu ya historia ya familia hizi, hata kama halimo kwenye mti wa nasaba.

Sasa mwenzako. Tangu katiba ya 1919, vyeo vya kiungwana Ujerumani vimekuwa sehemu ya jina la ukoo tu. Mtu anayeitwa Prinz kwenye pasipoti hana haki hata moja kuliko wewe. Ni jina, kama la kwako. Ni kweli kwamba mtu mzima anaweza kuasiliwa na akachukua jina la aliyemwasili, na ni kweli wapo watu waliofanya biashara ya jambo hilo. Lakini maombi lazima yapite kwa notari, kisha mahakama ya familia, na hakimu anatakiwa kuona kwamba kati ya wawili hao upo kweli uhusiano wa mzazi na mtoto. Akiona lengo ni jina au ni karatasi, atakataa, na fedha zilizokwisha lipwa ni nadra kurudi. Zaidi ya hayo, mtu aliyekwisha timiza miaka 18 hapati uraia wa Ujerumani kwa kuasiliwa. Anaweza akalipa, akaitwa Prinz, na bado afisa wa uhamiaji akamwuliza maswali yaleyale, safari hii akiwa na shaka zaidi.

Kama amekwisha toa fedha au kusaini, asikae nalo akiona haya. Aende kwa wakili wa sheria za familia na uhamiaji, ana kwa ana, na kila karatasi na kila ujumbe wa simu. Kama hana uwezo wa kumlipa, mashirika ya ushauri kwa wahamiaji yaliyopo katika miji mingi ya Ujerumani humsikiliza mtu bila malipo na humwelekeza kwa wakili. Hapa mimi siwezi kumsaidia kwa maandishi, na mwingine yeyote anayedai anaweza kwa maandishi tu msimwamini.

Kwa utafiti wako, treni ya bonde la Elster itakufikisha Greiz kwa muda mfupi. Hifadhi ya nyaraka ya jimbo iliyopo pale ndiyo yenye karatasi za ukoo, na watumishi wake wamezoea watu waliochanganywa na akina Heinrich. Ukienda na ile orodha ya namba, tawi na mwaka utaokoa siku nzima. Utakachokwama nacho ni mwandiko: barua za zamani zimeandikwa kwa hati ya Kijerumani ambayo shule ziliacha kuifundisha mwaka 1941. Mtu aliyeanza shule kabla ya hapo huenda bado anaisoma, basi muulize bibi, na kama yeye na nyumba ya wazee wakiridhia, yarekodi masimulizi yake mapema.

Habari za Erdmuthe Dorothea usizitafute Greiz peke yake. Daftari na barua za jumuiya ziko Herrnhut, katika hifadhi ya nyaraka ya Wamoravian, na humohumo mna karatasi za wamisionari waliokuja kwenu. Waandikie kabla ya kusafiri, utaje mwaka 1891 na jina la kituo, Rungwe, nao watakuambia uanzie sanduku lipi.